Visukuku vya Songwe

Visukuku vya Songwe ni mabaki na alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa ndani ya miamba ya Mkoa wa Songwe na maeneo jirani ya Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Vinavyojulikana zaidi ni mifupa ya dinosauri na jamaa za mamba wa kipindi cha Kretasi, walioishi takriban miaka milioni 100 iliyopita, pamoja na vipande viwili vya taya vyenye umri wa miaka milioni 25.2. Vipande hivyo viwili, vilivyotangazwa mwaka 2013, ni ushahidi wa kale kuliko wote uliokuwa umepatikana hadi wakati huo kuhusu kutengana kwa ukoo wa masokwe na ukoo wa nyani na tumbili.

Kisukuku (wingi: visukuku) ni mabaki yoyote ya kiumbe wa kale, au alama yoyote aliyoiacha, iliyodumu ndani ya mashapo au mwamba. Kinaweza kuwa mfupa, jino, gamba la konokono, jani lililopigwa chapa kwenye udongo, wayo wa mnyama, kinyesi kilichogeuka jiwe, hata kichuguu cha mchwa.

Mahali

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake ni Vwawa, na mji wake wenye shughuli nyingi zaidi ni Tunduma, mpakani na Zambia. Anayesoma juu ya visukuku hivi anapaswa kuangalia mambo mawili ya majina. Kwanza, kuna mito miwili inayoitwa Songwe: mmoja hutiririka kuelekea Ziwa Rukwa, mwingine hufuata mpaka wa Tanzania na Malawi hadi Ziwa Nyasa. Visukuku vinavyoelezwa hapa vinatoka upande wa Rukwa. Pili, maandiko ya kisayansi ya kabla ya mwaka 2016 huviweka visukuku hivi katika Mkoa wa Mbeya, na baadhi ya machimbo bado yako upande wa Mbeya hadi leo, kwa kuwa miamba haifuati mipaka ya mikoa.

Si kila jiwe la Songwe lina kisukuku. Uwanda wa juu wa Mbozi na Tunduma umekaa juu ya miamba ya Ubendi, ambayo ina umri wa karibu miaka bilioni 2. Miamba hiyo iliundwa kabla ya kuwapo mnyama yeyote duniani, tena ilipikwa na kukandamizwa ndani ya ardhi hata ikabadilika kabisa. Anayetafuta mfupa wa dinosauri katika mawe ya Tunduma mjini atapoteza muda wake. Inabidi ateremke bondeni.

Bonde la Rukwa ni sehemu ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Ardhi ilipokuwa ikivutwa na kupasuka, sakafu ya bonde ilididimia mara kwa mara, na kila ilipodidimia mito ilileta mchanga, tope na changarawe kutoka nyanda za juu na kuvimwaga humo. Kwa hiyo bonde limekuwa kama ghala lenye matabaka yaliyopangwa kwa zamu. Chini kabisa kuna matabaka ya Karoo yenye makaa ya mawe. Juu yake kuna tabaka la Galula, lililopewa jina la kijiji cha Galula, ambalo ni la kipindi cha Kretasi. Juu ya Galula kuna tabaka la Nsungwe, la kipindi cha Oligosini, na mwisho mashapo machanga ya ziwa na ya volkeno.

Jinsi mfupa unavyogeuka jiwe

Wanyama walio wengi hawaachi kisukuku. Mzoga ulio wazi huliwa na fisi, tai, wadudu na bakteria. Mifupa iliyobaki hupasuliwa na jua na mvua, na baada ya miaka michache hakuna kitu. Ili mabaki yadumu, yanatakiwa kufunikwa mapema, kwa kawaida na tope au mchanga wa mafuriko, au na majivu ya volkeno. Yakishafunikwa, hewa ya oksijeni hupungua na walaji wengi hawawezi kuyafikia.

Kinachofuata ni kazi ya maji. Mfupa mkavu unaonekana mgumu, lakini ndani umejaa vitundu. Maji ya chini ya ardhi hubeba madini yaliyoyeyuka kama vile kalsiti, silika na chuma, na maji hayo yanapopenya taratibu huyaacha madini ndani ya vitundu. Wakati huo huo sehemu laini za mfupa huoza na kutoweka, na madini huchukua nafasi. Matokeo yake ni jiwe lenye umbo la mfupa, mara nyingi pamoja na muundo wake wa ndani, hata mistari ya ukuaji inayoweza kuhesabiwa kwa darubini. Ndiyo sababu kisukuku huwa kizito kuliko mfupa wa kawaida.

Meno hudumu kuliko kitu kingine chochote mwilini kwa sababu enameli inayoyafunika ni ngumu na haina vitundu vingi. Mamalia wengi wa kale wanajulikana kwa meno yao tu. Kwa bahati nzuri jino lina habari nyingi: umbo lake huonyesha mnyama alikula nini na ni wa ukoo gani.

Mwisho kabisa, kisukuku lazima kirudi juu. Kama bonde lingeendelea kudidimia bila kukoma, mifupa yote ya Songwe ingekuwa mamia ya mita chini ya miguu ya watu. Lakini mipasuko ileile iliyoshusha sakafu ya bonde iliinua baadhi ya vipande vya matabaka ya zamani, na mito ya leo inayakata na kuyafunua. Mvua inayofunua ndiyo pia inayoharibu. Mfupa uliovumilia miaka milioni 100 ndani ya mwamba unaweza kusagika kuwa changarawe katika misimu michache baada ya kutokeza kwenye ukingo wa korongo.

Aliyezikwa mara mbili

Mfano bora wa safari hiyo ni dinosauri Rukwatitan bisepultus, aliyepewa jina mwaka 2014 na Eric Gorscak, Patrick O'Connor, Nancy Stevens na Eric Roberts. Sehemu ya kwanza ya jina inamaanisha "jitu la Rukwa". Ya pili ni Kilatini, maana yake "aliyezikwa mara mbili". Mashapo yanayoizunguka mifupa yake yanaonyesha kwamba mzoga ulifunikwa kwanza kwenye uwanda wa mafuriko kando ya mto. Baadaye mto ulihama, ukaukata uwanda huo, ukaifunua sehemu ya mifupa na kuifunika upya.

Rukwatitan alikuwa mla majani mwenye shingo ndefu wa kundi la titanosauri. Miguu yake ya mbele inakadiriwa kuwa na urefu wa mita 2, na uzito wake ulilingana na wa tembo kadhaa kwa pamoja. Mifupa ilionekana kwenye genge, na kuitoa kulichukua misimu miwili ya kazi. Wachimbaji wa makaa ya mawe walishirikishwa, kwani wao ndio wenye ujuzi wa kupasua mwamba mahali penye mteremko mkali bila kuuangusha. Zilipatikana pingili za uti wa mgongo, mbavu, mifupa ya miguu na ya nyonga.

Shingopana songwensis, aliyeelezwa mwaka 2017, anasimulia habari nyingine. Jina ni la Kiswahili, "shingo pana", kutokana na umbo la pingili za shingo yake, na "songwensis" ni "wa Songwe". Mifupa yake ina matundu yaliyotobolewa na wadudu wala mifupa muda mfupi baada ya kifo. Maana yake mzoga huo haukufunikwa mara moja. Ulikaa nje kiasi cha kuwapa wadudu nafasi, kisha ndipo ukazikwa. Kwa njia hii kisukuku hueleza maisha ya mnyama na pia mambo yaliyoupata mwili wake baada ya kufa.

Wa tatu ni Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyetangazwa mwaka 2019. Mifupa yake ilionekana mwaka 2004 juu kwenye ukuta wa genge unaotazama mkondo wa mto Mtuka, ambao hukauka kiangazi, na uchimbuzi uliendelea hadi 2008. Jina lake lote ni Kiswahili kilichounganishwa: "mnyama wa Mtuka" na "moyo wa mkia", kwa sababu baadhi ya pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Ni majina machache ya dinosauri ambayo mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania anaweza kuyafahamu bila kamusi. Haya mawili ni miongoni mwake.

Mamba mwenye meno ya mamalia

Tabaka la Galula lilitoa pia mnyama aliyewashangaza wataalamu kuliko dinosauri wote hao. Pakasuchus kapilimai, aliyeelezwa mwaka 2010 katika jarida la Nature, alikuwa jamaa wa mamba mwenye ukubwa wa paka wa nyumbani. Mamba wa leo ana meno yanayofanana, ya kukamatia na kurarua. Pakasuchus alikuwa na meno ya mbele yaliyochongoka na ya nyuma mapana yaliyokutana vizuri, ya kutafunia chakula, kama ya mamalia. Miguu yake ilikuwa myembamba, na magamba magumu ya mgongoni yalikuwa yamepungua isipokuwa mkiani. Inaonekana aliishi nchi kavu na kukimbiza wadudu na wanyama wadogo.

Kichwa chake kilipatikana mdomo ukiwa umefumba, na kuufungua kwa patasi kungeuvunja. Wachunguzi walitumia mashine ya kupiga picha za eksirei kwa vipande, kama ile ya hospitalini, wakayaona meno yote bila kuligusa fuvu.

"Paka" ni neno la Kiswahili. "Suchus" linatokana na neno la Kigiriki la mamba. "Kapilimai" ni heshima kwa Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa utafiti wa Bonde la Rukwa na aliyefariki kabla ya jina hilo kutangazwa.

Mamalia wenyewe ni wachache sana katika tabaka la Galula. Aliyepewa jina ni Galulatherium jenkinsi, anayejulikana kwa taya moja ya chini. Taya hiyo ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2003, lakini jina lilitolewa mwaka 2019 baada ya uchunguzi mpya. Meno yake hayakuwa na enameli na yaliendelea kukua maisha yote. Kuwapo kwa Pakasuchus kunasaidia kuelewa hali hiyo: katika mabara ya kusini, jamaa za mamba walishika baadhi ya nafasi ambazo kaskazini mwa dunia zilishikwa na mamalia wadogo.

Bara lililopasuka

Umuhimu wa dinosauri wa Songwe hauko katika ukubwa wao. Kretasi ndicho kipindi ambacho Gondwana, bara kubwa lililounganisha Afrika, Amerika ya Kusini, Bukini, Uhindi, Australia na Antaktiki, lilikuwa likimeguka. Afrika na Amerika ya Kusini zilitengana kabisa takriban miaka milioni 100 iliyopita. Visukuku vya Amerika ya Kusini vya wakati huo vimechimbwa kwa wingi. Vya Afrika, hasa kusini mwa Sahara, ni vichache mno. Kila mnyama anayepatikana Songwe anajaza pengo katika ramani.

Majibu hayakuwa mepesi. Shingopana anaonekana kuwa karibu zaidi na titanosauri fulani wa Amerika ya Kusini kuliko na Rukwatitan, aliyechimbwa katika bonde lilelile. Na Rukwatitan anatofautiana wazi na Malawisaurus wa Karonga, kaskazini mwa Malawi, ingawa machimbo hayo hayako mbali. Hivyo haiwezekani kusema kwamba Afrika nzima ilikuwa na aina moja ya wanyama. Kulikuwa na undugu wa kuvuka bara pamoja na tofauti za eneo kwa eneo.

Taya mbili za Nsungwe

Tabaka la Nsungwe ni jekundu, jepesi kuliko Galula, na visukuku vyake ni vidogo. Wachunguzi hupekua huku wamepiga magoti, au hubeba magunia ya udongo na kuuchekecha kwa maji ili kupata meno yenye ukubwa wa punje ya mchele.

Katika mashapo hayo kilipatikana kipande cha taya la chini chenye meno kadhaa, na kingine chenye gego moja la mwisho. Nancy Stevens na wenzake walivieleza mwaka 2013 katika Nature. Cha kwanza walikiita Rukwapithecus fleaglei, wakakiweka katika kundi la masokwe, yaani kundi linalojumlisha giboni, orangutani, gorila, sokwe mtu na binadamu. Cha pili ni Nsungwepithecus gunnelli, wa kundi la nyani na tumbili wa Dunia ya Kale.

Kabla ya hapo kulikuwa na mvutano kati ya njia mbili za kupima wakati. Wataalamu wa DNA walilinganisha viumbe wanaoishi leo, wakakadiria kwamba makundi hayo mawili yalitengana kati ya miaka milioni 25 na 30 iliyopita. Lakini visukuku vya kale vilivyokuwapo vya makundi yote mawili vilikuwa na umri wa karibu miaka milioni 20 tu. Ama hesabu ya DNA ilikuwa na kasoro, ama visukuku vya katikati havijapatikana. Taya za Nsungwe, zenye miaka milioni 25.2, ziliunga mkono jibu la pili. Ikiwa sokwe na nyani walikuwa tayari ni wawili tofauti katika bonde hilo wakati huo, basi babu yao wa pamoja aliishi kabla yake. Ni kweli kwamba hoja nzito hivi imebebwa na ushahidi mdogo unaotosha kiganjani, na kila mnyama kati ya hao wawili alitambuliwa kwa kipande kimoja. Hata hivyo gego la nyani na gego la sokwe lina alama zake, na umri wa tabaka umepimwa vizuri.

Majirani zao wanajulikana pia. Kulikuwa na jamaa za pimbi, kama Rukwalorax, jamaa za sange, kama Rukwasengi, na panya, vyura na samaki. Nyoka aliyeitwa Rukwanyoka holmani alielezwa mwaka 2014 pamoja na nyoka wengine, akiwamo wa familia ya swila na fira, wa kale kuliko wote wa familia hiyo waliojulikana Afrika. Nyoka wa namna hii hutembea kutafuta mawindo badala ya kuvizia mahali pamoja, na wingi wao ni dalili kwamba nchi ilikuwa imeanza kuwa na sehemu za wazi na kavu zaidi.

Mwaka 2016 Eric Roberts na wenzake walieleza vichuguu vya mchwa vilivyogeuka jiwe katika tabaka hilohilo, ndani yake mkiwa bado na bustani za uyoga. Mchwa wa aina hiyo hula mimea mikavu, wakaibananisha kuwa vidonge, na kuotesha kuvu juu yake. Uyoga unaochipuka vichuguuni msimu wa mvua, unaojulikana sana katika jiko la nyanda za juu kusini, unatokana na kilimo hicho. Vichuguu vya Nsungwe vinaonyesha kwamba mchwa walikuwa wakulima barani Afrika miaka milioni 25 iliyopita.

Umri unavyojulikana

Wengi hudhani kwamba visukuku vyote hupimwa kwa kaboni. Kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, hivyo baada ya miaka kama 50,000 haibaki ya kutosha kupimwa. Kwa dinosauri haina kazi.

Katika tabaka la Nsungwe jibu lilitoka kwenye volkeno. Majivu yaliyoanguka bondeni yalikuwa na fuwele ndogo za zirikoni. Fuwele hizo zinapoundwa hukubali urani na kukataa risasi. Urani-238 hugeuka polepole kuwa risasi, nusu yake kwa kila miaka bilioni 4.47, kwa hiyo kiasi cha risasi kilichomo huonyesha muda uliopita tangu fuwele ilipoganda. Kisukuku kilicho kati ya matabaka mawili ya majivu kina umri ulio kati ya hayo mawili.

Tabaka la Galula halina majivu ya kufaa namna hiyo, na ndiyo maana umri wa dinosauri wake hutajwa kwa mapana. Wa Shingopana, kwa mfano, hutajwa kuwa kati ya miaka milioni 70 na 100.

Makaa ya mawe na kimondo

Makaa ya mawe ya Ileje, yakiwamo ya Kabulo, nayo ni mabaki ya viumbe. Ni mimea ya vinamasi vya kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, iliyofukiwa kabla ya kuoza na kukandamizwa hadi ikabaki kaboni kwa sehemu kubwa. Katika Gondwana mimea iliyotawala wakati huo ilikuwa Glossopteris, na majani yake, yaliyopatikana katika mabara yote ya kusini, yalikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza kwamba mabara hayo yaliwahi kuungana.

Kimondo cha Mbozi, kivutio maarufu zaidi cha mkoa, si kisukuku ingawa wageni huvichanganya. Ni pande la chuma na nikeli lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa karibu mita 3.

Sheria na hifadhi

Visukuku nchini Tanzania vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na marekebisho yake ya 1979. Kuchimba kunahitaji kibali, na kuvitoa nje ya nchi bila idhini ni kosa. Historia inaeleza kwa nini. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba mifupa ya dinosauri kule Tendaguru, Lindi, kwa kutumia mamia ya vibarua na wapagazi Waafrika, na mzigo wote ukasafirishwa hadi Berlin, ambako mifupa ya Giraffatitan imesimamishwa hadi leo. Wa Songwe wanaorodheshwa kama mali ya Tanzania, hata wanapopelekwa nje kwa muda ili wasafishwe na kupigwa picha.

Mkulima, mchungaji au mchimbaji anayeona mfupa wa jiwe anashauriwa kuuacha mahali ulipo na kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji au ofisi ya wilaya. Mfupa uliong'olewa hupoteza nusu ya habari zake, kwa kuwa tabaka lililoushika ndilo linaloeleza umri wake na jinsi ulivyozikwa.